Chuma Kipi Kilike: Mkono wa Gia wa Bedford la Jeshi

Lori la zamani la jeshi likianza kuruka gia, hukumu huwa moja tu: "Giaboksi imekwisha." Nimeisikia kwa mafundi wa Chake Chake, nimeisikia kwa mafundi wa Wete, na zaidi kwa madereva wastaafu wanaokaa barazani na kutoa fatwa kwa kila gari inayopita. Kwa nilivyoona mimi, giaboksi za malori yale hazifi kirahisi. Vinavyokufa ni vitu vidogo vilivyokaa juu yake: mkono wa gia wenyewe, kikombe unamochezea, gololi na springi zake, na foki zinazosukuma gia. Kazi iliyonifanya nishike msimamo huu ni ya Bedford RL la ami yangu, hapahapa Pemba. Nitaieleza ilivyokwenda, maana naona vijana wengi wanakimbilia kushusha giaboksi nzima na ugonjwa uko kwenye kifuniko.

Ami alilinunua mnadani bara, lilipotolewa jeshini, akalivusha kwa meli ya mizigo mpaka Mkoani. Ukikwangua rangi ya buluu mlangoni unakuta manjano, na chini ya manjano unakuta kijani cha jeshi. Bodi ya nyuma si ya asili, ni ya mbao, kazi ya maseremala wetu haohao wanaojenga bodi za daladala. Limebeba mawe, mchanga, makuti, ndizi, na msimu ukifika, magunia ya karafuu na wachumaji juu yake.

Bedford ni jina la malori ya Vauxhall, kampuni ya Luton, Uingereza, iliyonunuliwa na General Motors ya Marekani mwaka 1925. Malori yenye jina hilo yalianza kutoka 1931, na RL ilianza 1953: injini ya petroli ya silinda sita, lita 4.9, magurudumu yote manne yanavuta, giaboksi ya gia nne, na nyuma yake boksi ndogo yenye mwendo mzito kwa ajili ya tope na milima. Waingereza walijenga juu yake hata gari za zimamoto, zile za kijani walizozibandika jina la Green Goddess. Wazimamoto wao walipogoma mwaka 1977, na tena 2002, gari hizo zilitolewa maghalani askari wakaziendesha. Chuma kilichoundwa miaka ya 1950 kikaitwa kazini baada ya nusu karne na kikaitika. Mtu anayesema giaboksi ya namna hiyo "imekwisha" bila kuifungua namtazama mara mbili.

Tatizo ni spea. General Motors iliacha kuunda malori ya Bedford Uingereza mwaka 1986. Huko kwao wako wapenzi wa magari ya zamani wanaouziana vipande, lakini kukisafirisha kifuniko cha chuma cha kutupwa mpaka Pemba ni gharama inayoweza kumnunulia mtu pikipiki. Kwa hiyo hapa kwetu, kipande ambacho hukukiharibu ndicho spea yako. Maamuzi yangu yote kwenye kazi hii yalitokana na hilo.

Unguja pengine lori lingevumilika. Ukitoka mjini kwenda Makunduchi njia ni tambarare, na gia ya tatu inayochomoka inakuudhi tu. Pemba ni vilima na mabonde. Ukimaliza kupanda unashuka, na chini ya mteremko kuna daraja, mpunga, na pengine watoto wanatoka skuli. Umepakia mawe, umetia gia ya tatu, umeondoa mguu kwenye mafuta ili injini ishike gari. Mara mkono unachomoka wenyewe, injini inaachia, unabaki na breki za dramu peke yake.

Dawa ya ami ilikuwa kipande cha tyubu. Alikifunga kwenye fremu ya kiti, na kila akifika mteremko anakivuta na kukivisha kwenye kirungu cha mkono wa gia. Tyubu ilipokatika, kazi ikahamia kwa utingo, akawa anaushika mkono kwa mikono miwili mpaka bondeni. Watu walicheka, na mimi nilicheka, lakini dawa ile ndiyo iliyokuwa ikilisha ugonjwa. Foki ni uma wa chuma unaokaa ndani ya mfereji wa kola, pete inayozunguka na kuteleza kutia gia. Gia ikishaingia, foki inatakiwa ipumzike katikati ya mfereji, isisukume upande wowote. Ukiubana mkono, foki inasugua ukuta wa mfereji kila kola inapozunguka, moto unapanda, chuma kinalika. Ikishalika haina tena urefu wa kuisukuma gia mpaka mwisho, na gia isiyofika mwisho ndiyo inayoruka. Basi mtu anatafuta tyubu nene zaidi.

Nilianza bila spana. Nilikaa kwenye kiti cha dereva, injini imezimwa, nikatia gia ya tatu, nikaucheza mkono taratibu kwa vidole viwili. Kichwa kilitembea huku na huku kiasi cha upana wa kiganja kabla ya kitu chochote kusikika chini. Hapo hesabu ndogo inasaidia. Mkono wa gia ni wenzo: ukiwa na urefu wa sentimita 60 juu ya kikombe na sentimita 10 chini yake, kila milimita moja iliyolika kwenye ncha ya chini unaipokea juu milimita sita. Ncha ikipoteza milimita tatu, kirungu kinatembea karibu sentimita mbili, hata kabla hujaongeza uchakavu wa kikombe. Kwa hiyo mkono kulegea sana juu hakumaanishi maafa makubwa chini. Kunamaanisha milimita chache mahali fulani, na kazi ni kujua mahali gani.

Kijana wangu wa karakana ndiye aliyeona jambo la pili. Alilala sakafuni mwa kabini akiwa na tochi, akaniita nitazame shingo ya mkono, pale unapopita kwenye tundu la sakafu. Kutu yote ilikuwa kahawia, isipokuwa kidoa kimoja cha ukubwa wa ukucha, kinang'aa kwa kusuguliwa. Na kwenye ukingo wa tundu, mkabala wake, bati lilikuwa limebonyea na linang'aa vilevile.

Nikatazama mauntingi, vile vikalio vya mpira vinavyoishika injini kwenye fremu. Mpira ulikuwa umelowa oili, umevimba upande mmoja na kusagika upande mwingine. Injini ikivuta inajipinda huku, ukiachia mafuta inajipinda kule. Giaboksi imefungwa kwenye injini kwa hiyo inakwenda nayo, lakini kabini haiendi. Mauntingi zikiwa nzima mwendo huo ni mdogo na mkono haugusi kitu. Zikifa, ukiachia mafuta mteremkoni sakafu yenyewe inausukuma mkono na kukutolea gia. Wangapi wameshusha giaboksi kwa ajili ya kipande cha mpira, Mungu ndiye anayejua.

Mauntingi mpya za RL hazipo, lakini boti za uvuvi zenye injini za dizeli zinatumia mauntingi za mpira za maumbo mengi, na karibu na bandari hukosi mtu mwenye chache kwenye kisanduku. Tulipata zinazokaribiana kwa kimo na kwa ugumu, tukachonga bamba za kuziunganisha na fremu. Tukalijaribu lori. Mruko ulipungua sana, haukwisha.

"Basi si inatosha, mwanangu?" ami akasema. Alikuwa na mzigo wa mchanga unamsubiri.

"Ami, ukiniachia nifungue kifuniko sasa, tutaokoa kilichobaki. Ukisubiri mwakani, tutazika."

Hakufurahi, ila aliniachia ufunguo.

Kabla ya kufungua tulisafisha. Juu ya giaboksi ya lori la Pemba kuna udongo mwekundu, grisi, vumbi na vijiti vya karafuu, na vyote hivyo vinasubiri ufungue vidumbukie ndani. Brashi, mafuta ya taa, kitambaa, na tena brashi. Halafu spana, ziwe za inchi. Bolti inayotaka spana ya nusu inchi ina kichwa cha milimita 12.7, ukiipelekea spana ya 13 inaingia, inazunguka vizuri mara mbili tatu, na siku bolti iliposhika kutu inakula pembe zake. Nusu ya bolti za kifuniko hicho zilikuwa tayari za mviringo kwa mtindo huo.

Kifuniko kinatoka na ukoo mzima: shafti tatu za selekta, yaani fimbo zinazoteleza kuchagua gia, foki zake, na vinywa vitatu ambavyo ncha ya mkono inaingia kimoja baada ya kingine. Kila shafti imechongwa vibonde vidogo, na juu ya kila shafti kuna gololi inayosukumwa na springi iingie kibondeni. Ule mgoto unaousikia kiganjani gia inapoingia, ambao dereva anaupenda na kuuamini, ni wa gololi hiyo. Ndiyo inayoishika gia isirudi. Ukiivuta shafti bila kuziba tundu lake, gololi inaruka na utaitafuta mpaka magharibi. Mimi huvisha kifuniko chote mfuko wa nailoni na kufanya kazi mikono ikiwa ndani ya mfuko. Hakuna uzuri, lakini gololi hazipotei.

Baina ya shafti na shafti kuna kitu ambacho mafundi wengi hawakijui mpaka kiwaumize: pini fupi inayokaa ubavuni, ambayo shafti moja ikisogea inazifunga nyingine zisisogee. Kazi yake ni kuzuia gia mbili zisiingie pamoja. Kwenye lori la ami, mahali pa pini hiyo nilikuta kipande cha msumari. Msumari wa kawaida wa kupigilia mbao, umekatwa kwa msumeno, hata haukusuguliwa ncha. Aliyeuweka alijua kwamba kitu kinatakiwa pale, na hilo nampa. Lakini ulikuwa mfupi, na mfupi kwenye kazi hiyo ni sawa na haupo: ncha ya mkono iliyolika inaweza kuuma vinywa viwili kwa pamoja, gia mbili zinaingia, na giaboksi inajifunga gari ikiwa mwendoni. Pini mpya tulikereza kwa chuma cha kuchimbia kilichovunjika na kuipima mpaka shafti mbili zikagoma kabisa kusogea pamoja.

Vipande vyote tulivipanga juu ya shuka jeupe kwa mpangilio vilivyotoka. Hapa ndipo ninapokaa muda mrefu kuliko mafundi wengine wanavyopenda. Sioshi mikono, sishiki tupa, natazama tu. Kila kilichosuguana kina mwenzake, na ukiwaweka pamoja unajua nani amemla nani.

Ncha ya mkono ilikuwa nzuri ajabu. Imejaa, inang'aa, haina hata mkwaruzo. Vinywa vya selekta ndivyo vilivyokuwa taabani, kuta zake zimechimbwa mashimo. Kisa chake kilisomeka waziwazi. Zamani ncha ilikuwa imelika, fundi mmoja akaijaza kwa vijiti vya kuchomelea vya chuma kigumu, vile vya kujazia meno ya makatapila. Alidhani anampa mwenye gari kitu cha kudumu. Kweli ncha imedumu, imekula vinywa vitatu.

Tangu siku hiyo kabla ya kutengeneza kitu chochote kinachosuguana najiuliza kwanza: kati ya hivi viwili, kipi kilike? Kimoja lazima kitalika, hilo haliepukiki. Mkono wa gia naweza kuutoa kwa bolti chache nikiwa nimekaa kabini. Vinywa vya selekta siwezi kuvifikia bila kufungua kifuniko, na vikifa sina pa kuvinunua. Basi ncha iwe laini, vinywa viwe vigumu. Kikombe kimo ndani ya kifuniko cha chuma cha kutupwa, kifuniko hakipatikani. Basi kati ya kikombe na kichwa cha mviringo cha mkono kikae kitu cha tatu cha kuliwa. Foki dhidi ya kola: kola imo ndani ya giaboksi kabisa, basi foki ivae shaba.

Fundi wetu wa kukereza ni mzee tunayemwita Maalim. Mashine yake aliinunua kwa kazi za boti, na anapenda kukumbusha kwamba kabla waya wa umeme wa chini ya bahari kutoka Tanga haujafika mwaka 2010, Pemba ilitegemea majenereta ya Wesha, na alikuwa akikereza huku sikio liko kwenye taa: ikififia tu, anarudisha kisu nyuma. Nilipompelekea mkono wa gia aliigonga ncha kwa tupa, tupa ikateleza, akanirudishia.

"Hii itanivunjia kisu. Kaipeleke kwenye jiwe kwanza."

Tuliisaga kwa jiwe mpaka ule ugumu wote ukaondoka tukafikia chuma cha asili, ambacho chini yake kilikuwa kimelika ubavu mmoja kama mchi wa zamani. Maalim akaikereza kuwa nyembamba na sawasawa, halafu akatengeneza bushi ya chuma laini inayovaa juu yake, ikashikwa na pini. Bushi ikilika, unagonga pini, unavisha nyingine. Nilimwomba atengeneze tatu. Moja iko kwenye mkono, mbili ziko kwenye kikopo cha maziwa nyuma ya kiti cha ami, zimepakwa grisi.

Vinywa vya selekta vilitolewa kwenye shafti, vikajazwa kwa kuchomelea, vikachongwa kwa tupa. Kazi hiyo haina njia ya mkato. Unaipaka ncha masizi ya koroboi, unaiingiza kinywani, unaicheza, unatoa, unatazama masizi yameachwa wapi, unakwangua hapo tu. Springi na gololi ziwe mbali wakati wa kuchomelea, chumba kingine ikiwezekana, kwa sababu springi ikipata moto inapoteza nguvu na haitakwambia, inaonekana ileile.

Kwa kikombe nilitaka pete nyembamba ya shaba. Mvuvi mmoja wa Wesha alinipa bawa la rafadha lililovunjika, zito, zuri kwa macho. Nilimshukuru na kumrudishia. Rafadha nyingi zinaundwa kwa shaba yenye zinki nyingi, kwa ajili ya nguvu na maji ya chumvi, lakini kusuguana na chuma si kazi yake. Tulichotumia ni bushi kuukuu ya shafti ya boti, shaba iliyokwisha kufanya kazi hiyo maisha yake yote. Maalim alitaka pete ibane kabisa, mkono usitikisike hata nywele. Tulibishana kidogo, kwa heshima, yeye ni mtu mzima kwangu. Mkono wa gia una springi juu ya kikombe, na springi ndiyo yenye kazi ya kuondoa mtikisiko. Ukibana kwa chuma, asubuhi utausifu, na mchana giaboksi ikishapata moto mkono utakwama katikati ya gia mbili. Mwishowe akaniachia nafasi niliyoitaka, akasema lakini jina lake lisitajwe. Basi sijalitaja.

Foki ya gia ya tatu na ya nne ilikuwa imelika pande zote mbili, na zaidi upande wa tatu, upande wa tyubu ya ami. Hatukuichomelea kwa umeme. Tuliijaza kwa shaba ya kuyeyusha kwa gesi, kwa sababu shaba inashika kwenye joto la karibu nyuzi 900, wakati chuma chenyewe kinataka karibu 1,500 kuyeyuka, na foki nyembamba ikipata moto huo inapinda. Baadaye tupa, msasa, na fila geji, vile vibamba vyembamba vya kupimia nafasi, mpaka foki ikaingia mfereji na kubaki na nafasi ya sehemu tatu za kumi za milimita kwa jumla. Kabla ya kuifunga niliilaza juu ya kioo na kuipima kwa guni dhidi ya shafti. Foki iliyojaa vizuri lakini imepinda itasugua kwa ncha moja, na utakuwa umerudi ulikotoka.

Springi za gololi zilikuwa tatu na zilitakiwa ziwe sawa. Nilizisimamisha juu ya kioo: mbili zinalingana, moja imesinyaa. Ilikuwa ya shafti ya gia ya tatu na ya nne, bila shaka. Hapa nawaonya vijana. Usikate springi ya peni, ya kalibureta au ya breki ukasema "itafaa." Nguvu ya springi inapanda haraka mno kwa unene wa waya: waya ukizidi asilimia kumi tu, springi yenye umbo lilelile inakuwa ngumu karibu mara moja na nusu. Gololi ikisukumwa hivyo, dereva atahitaji bega kutia gia, na ami ana umri. Nilimwagizia mpwa wangu Unguja atafute Darajani springi za giaboksi za malori mengine, akaleta kiganja kizima. Tukazijaribu moja moja kwenye mizani ya duka: unaibonyeza springi mpaka kimo fulani na kusoma uzito, ukilinganisha na zile mbili nzima. Tatu zilikubaliana. Tulibadilisha zote kwa pamoja.

Kutu ya mkono, kofia ya kikombe na bamba la sakafu tuliitoa kwa magadi. Beseni la plastiki, maji, magadi ya dukani, chaja ya betri. Kitu chenye kutu unakifunga kwenye hasi, na kwenye chanya unafunga kipande cha bati la chuma usilolihitaji. Usitumie stenlesi, inaacha sumu majini. Fanya nje, pasiwe na mtu anayevuta sigara, kwa maana mapovu yale ni haidrojeni. Kesho yake kutu inatoka kwa brashi ya viatu na chuma kizima hakikupungua. Lakini springi usizitie humo hata kidogo: haidrojeni inaingia kwenye chuma cha springi na kukifanya kivunjike kama mkaa. Springi zisugue kwa mkono na dizeli.

Hewa ya hapa ni ya chumvi, kwa hiyo kilichosafishwa asubuhi kinataka grisi kabla ya jioni. Soksi ya mkono, ile inayoziba tundu la sakafu, fundi viatu alitushonea ya turubai mara mbili. Vumbi likizuiwa pale juu, kikombe kinaishi. Kirungu cha asili kilikuwa kimepasuka. Tulikereza kipya kwa mti wa mpera, mgumu na haupasuki ovyo, na mchoro wa gia tukauchonga juu yake. Ami alitaka na jina la timu yake. Halikutosha.

Oili nayo inataka neno. Madukani utapewa oili ya gia ya daraja la GL-5 kwa sababu ndiyo iliyojaa, na muuzaji atakwambia tano ni bora kuliko nne. Ni oili ya difu zenye meno yanayosuguana kwa shinikizo kubwa, imejaa dawa za salfa, na dawa hizo kwenye moto zinaweza kula shaba. Giaboksi yenye bushi na foki za shaba, kama hii sasa, ipe GL-4. Tuliitafuta mpaka tukaipata, ghali kidogo. Kwa shaba niliyoimwaga mle ndani, sikuona sababu ya kubana pesa hapo.

Siku ya kulijaribu, ami aliendesha mwenyewe, mimi pembeni, kijana na utingo nyuma juu ya mchanga. Tulichagua njia yenye vilima, siyo iliyonyooka. Gia ya tatu, mguu nje ya mafuta, mteremko mzima mpaka darajani. Mkono ulitikisika ilivyo kawaida ya mkono wa lori, ukabaki palepale. Kupanda, tukarudisha ya pili kwa klachi mbili, yaani kuikanyaga mara mbili kwa gia moja, ikaingia na ule mgoto wake.

Kinachonishinda sasa ni ami mwenyewe. Kila akiona mteremko, mkono wake wa kushoto unakwenda kwenye kirungu na kukibana. Nimemweleza habari ya foki, nimemwonyesha ile ya zamani ilivyolika, akaishika, akaitikia, akasema amefahamu. Jioni yake nilimwona anashuka mlima kwa mkono mmoja kwenye usukani. Ile foki kuukuu nimeitundika kwa waya kwenye kioo cha mbele cha kabini, impige usoni kila akikata kona. Na sasa anataka nianze boksi ndogo, mikono yake miwili ya gia nayo inacheza. Nimemwomba asubiri karafuu zimalize kuchumwa, kwa sababu lori hilo likisimama msimu wa mavuno, watakaonilaumu ni kijiji kizima, siyo yeye peke yake.